Shemeji na Upande wa Pili wa Miti

Mume wa mdogo wangu alipohamia kwetu alikuja na begi moja, mke mmoja, watoto wawili na ahadi ya kuondoka mwisho wa mwezi. Mwezi gani, hakusema, nami kwa heshima ya ushemeji sikuuliza. Niliwapa chumba cha binti yangu. Binti nikamtandikia godoro sebuleni, nyuma ya kochi, nikamwambia, "Vumilia mwanangu, ni siku chache tu." Wakati huo alikuwa anasoma shule ya msingi. Sasa amemaliza sekondari, miguu yake imelipita godoro, na mlango wa barazani uko pale pale kichwani pake, kila anayebisha hodi anamkuta bado kajifunika shuka.

Naanza na hilo ili ijulikane mapema kwamba sina ubaya wowote na shemeji yangu. Nilichokuwa nakitaka ni chumba. Baba wa binti yangu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Akija nyumbani naye ni mgeni, na mgeni hawezi kuwafukuza wageni wenzake. Kwa hiyo shughuli ya kumhamisha shemeji ilikuwa yangu peke yangu, na njia pekee niliyoiona ni kumtakia maendeleo.

Kazi yake ni njia za msituni. Mji wetu mdogo umeegemea hifadhi ya msitu, msitu umeegemea ziwa, na ndani yake kuna njia ya miguu inayoanzia kwenye lango la hifadhi, inapanda kilima, inazunguka bonde lenye matope, kisha inashuka hadi gatini, mahali boti zinapofunga. Wageni hulipa ili kuitembea. Mimi nina kibanda nje ya lango, nakodisha mabuti ya mpira na fimbo, kwa sababu wageni wengi huja msituni na viatu vya kuendea harusini. Ukikaa kwenye kibanda kile unajua nani ameingia na nani hajarudi. Yule ambaye hajarudi hunikosesha raha, hata kama simjui wala hanijui.

Shemeji alianza kama mfyekaji. Alipewa panga, akafyeka. Lakini alikuwepo mtu mwingine aliyepewa kazi ya kupaka alama kwenye miti, na mtu yule alipaka kama anayefukuza nzi, hapa doa, pale michirizi, kwingine rangi imemwagikia kwenye mizizi. Shemeji akavumilia, akavumilia, mwisho akaomba apewe ndoo yeye. Akachukua bati la kopo, akatoboa umbo la unyayo, na tangu siku hiyo kila alama katika njia ile ikawa unyayo mweupe mmoja, ukubwa mmoja, kwenye kimo cha macho ya mtu wa kawaida.

Mti alikuwa haupaki ovyo. Anasimama kwenye alama aliyomaliza, anafumba jicho moja, anatazama mbele, anawauliza wenzake, "Mnauona mti gani kwanza?" Mti uliotajwa ndio unaopakwa. Anausugua ukungu kwa brashi ya kufulia, ambayo ni brashi yangu. Anaukausha kwa taulo, ambalo nalo sina haja ya kusema ni la nani. Halafu anabandika bati, anapaka, anarudi nyuma, anainamisha kichwa kama anayesikiliza. Wenzake wamekaa chini wanamsubiri.

"Bwana Alama, huo mti unaolewa?"

"Nyamazeni. Mgeni akipotea mtamtafuta ninyi?"

"Nani amewahi kupotea?"

"Ndiyo hivyo! Nani amewahi kupotea?"

Basi neno hilo likawa lake. Alilisema mezani, alilisema kwenye foleni ya maji, alilisema kwa kinyozi huku povu likiwa shavuni. Hakuna aliyewahi kupotea katika njia yake. Na ilikuwa kweli. Mimi mwenye mabuti ni shahidi. Mabuti yote yalirudi, yakiwa na watu ndani yake, na yalirudi juu ya trekta. Maana hifadhi ina trekta lenye tela ambalo husubiri gatini. Wageni wakifika kule wamechoka, wanapanda tela, wanarudishwa langoni kwa barabara ya magari. Wafyekaji nao wakifika na mapanga na ndoo zao, wanapanda tela. Ndivyo kazi ilivyofanywa tangu mwanzo. Mtu atembee kurudi, anatafuta nini, na trekta limemngoja?

Mwaka huu ikatangazwa kwamba boti zitaanza kuleta wageni kutoka ng'ambo ya ziwa. Watashuka gatini na kuja langoni kwa miguu. Kazi imekua, kwa hiyo patahitajika msimamizi wa njia, mtu wa cheo, mwenye sare na nyumba. Nyumba hiyo naijua. Iko ndani ya uzio karibu na lango, ya tofali, ina vyumba vitatu na jiko la ndani. Niliposikia habari nilikwenda nikachungulia dirishani, nikamwona mdogo wangu anapika mle, watoto wanapigana mle, na begi la shemeji liko juu ya kabati mle, mbali na kabati langu.

Waliotajwa kwa cheo hicho walikuwa wawili. Mmoja shemeji. Wa pili Mkuu wa Lango, mtu mnene mwenye kicheko cha haraka, ambaye hucheka kabla mkubwa hajamaliza mzaha. Yeye tayari ana nyumba mbili, sijui ya tatu aliitakia nini. Mkurugenzi mpya, mwanamke, angekuja mwenyewe kuikagua njia, kisha angeteua.

Siku ya ukaguzi niliamka mapema nikampigia shemeji shati pasi. Mdogo wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Dada, mume wangu unampigia pasi kuliko mimi?"

"Nataka apendeze, mdogo wangu."

"Unataka tuhame."

"Nataka mpate maendeleo."

"Na maendeleo yenyewe yana vyumba vitatu," akasema, akacheka, nami nikacheka, kwa sababu ndugu wa tumbo moja hawana pa kujificha.

Tulijipanga langoni. Wafyekaji walivaa mashati ndani ya suruali. Shemeji alisimama mwanzo wa njia, karibu na unyayo wa kwanza, ambao aliupaka upya jana yake na ulikuwa unang'aa kama jino jipya. Mkuu wa Lango alishika mwavuli, ingawa mvua ilikuwa bado. Gari halikuja. Badala yake simu ya Mkuu wa Lango ikalia, naye akaanza kucheka kabla hajaipokea.

"Ndiyo, Mama. Ndiyo, Mama. Gatini? Umeshuka gatini? Vizuri sana, Mama! Tunakuja na trekta sasa hivi... Hapana? Kwa miguu? Kama mgeni wa kawaida! Wazo zuri mno, Mama."

Akakata simu, kicheko kikamkauka. Mkurugenzi alikuwa amekuja kwa boti, yeye na katibu wake, ameshuka gatini, na hataki kupokelewa. Anataka kuitembea njia bila mwenyeji kuja langoni, kama watakavyofanya hao wageni wapya, aone inavyosomeka.

"Safi," akasema shemeji. "Hata mtoto mdogo hawezi kupotea humo."

Tukangoja. Mimi nikawaza viatu vyake. Mtu ametoka ofisini, amepanda boti, atakuwa amevaa nini miguuni? Nikachagua mabuti, saizi ya katikati, nikayapangusa. Tukaendelea kungoja. Mtu mzima akitembea bila haraka tunajua huchukua muda gani, na muda huo ulikuja, ukapita, na kurudi haukurudi. Mkuu wa Lango akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena. Kule bondeni mtandao hamna, tunajua sote, lakini alipiga tu, kwa kuwa kupiga simu kunafanana na kufanya kazi. Upande wa ziwani mawingu yakaanza kushikana.

"Labda anapumzika kwenye benchi," akasema mfyekaji mmoja.

"Labda anapiga picha," akasema mwingine.

"Labda ameliwa," nikasema mimi, na wote wakanigeukia. Sikukusudia kusema kwa sauti.

Shemeji akasema twende tukampokee njiani, ndiyo adabu. Akatangulia yeye, Mkuu wa Lango na mwavuli wake nyuma yake, wafyekaji wawili, na mimi na mabuti kwapani. Hakuna aliyenialika. Lakini chumba cha binti yangu kilikuwa kinarandaranda msituni na viatu vya ofisini, ningekaaje kibandani?

Njia ya shemeji ni nzuri, lazima niseme. Mizizi ameizungushia udongo, penye mteremko ameweka magogo kama ngazi, penye maji amechimba mifereji. Na unyayo mweupe unakupokea kutoka mti hadi mti, kama mwenyeji anayekushika mkono. Yeye alikwenda mbele, akiigusa kila alama kwa vidole kama mtu anayesalimia watoto wake. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Sasa mimi nina ugonjwa wa kutazama nyuma. Nikitoka nyumbani natazama kama mlango umefungwa, nikifika barabarani natazama tena kama nyumba bado ipo. Msituni ndiyo usiseme. Kila baada ya hatua chache nageuka kuhakikisha kwamba hakuna kinachotufuata na kwamba njia ya kurudia ninaijua. Nikageuka mara ya kwanza, nikaona miti. Nikageuka tena, nikaona miti. Mara ya tatu nikasimama. Nilikuwa naona miti tu. Unyayo hakuna.

"Shemeji," nikaita.

"Twende shemeji, usichoke."

"Sijachoka. Hebu geuka."

"Nyoka?"

"Geuka tu, utazame tulikotoka."

Akageuka, bado anatabasamu. Akatazama. Tabasamu likabaki usoni peke yake, mwenyewe kashaondoka. Alikuwa kama mtu aliyeigeuza picha ya harusi yake akakuta nyuma ni kadibodi. Akaufuata mti wa karibu, akauzunguka. Upande unaotazama langoni, unyayo. Upande wa pili, gome tupu lenye ukungu. Akaupapasa kwa kiganja. Akakimbilia mti wa nyuma yake. Gome tupu. Na ule mwingine.

"Hakuna kitu," akasema. "Hakuna kitu kabisa."

"Una maana gani hakuna kitu?" akauliza Mkuu wa Lango.

"Nimepaka upande mmoja. Miti yote. Njia hii inakwenda, hairudi."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo narudi kwa trekta!"

Wafyekaji wakatazama chini, kwa sababu nao wamekuwa wakirudi kwa trekta, na hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuza shingo. Hata mtu wa kutupa lawama hatukuwa naye, sote tulikuwa abiria wa tela lile. Shemeji akawa anaongea peke yake. Wengine wangelia, lakini yeye alianza kuchangamka, macho yamemtoka kama mtu aliyegundua chumba asichokijua ndani ya nyumba yake.

"Ngojeni," akasema. "Mimi ni mgeni. Natoka gatini. Sijui kitu. Nafika njia panda ya mtini, natafuta alama, siioni. Nakwenda wapi?"

"Mbele," akasema Mkuu wa Lango.

"Mbele ipi? Pale mbele ziko mbili!" Akaanza kukimbia, nasi nyuma yake, mwavuli unanasa kwenye matawi.

Njia panda ya mtini iko juu ya bonde. Ukitoka langoni huitambui hata kidogo, kwa kuwa unyayo unakupitisha kulia na macho yako hayana shughuli na kushoto. Shemeji alikwenda akasimama ng'ambo yake, akatugeukia, akafumba jicho moja. Mbele yake palikuwa na njia mbili. Moja nyembamba, ya kwake. Nyingine pana, safi, imesawazishwa vizuri, haina hata jani, inateremka polepole kuelekea ziwani.

"Ningekuwa mgeni ningefuata hii pana," akasema. "Hii ndiyo inaonekana njia."

"Hiyo ni ya nani?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Ya viboko."

Viboko hupita pale kwenda malishoni na kurudi majini, na matumbo yao ndiyo yaliyoisafisha vile. Kwa macho ya mgeni ilikuwa kazi bora kuliko ya shemeji. Mchana huwa wamo majini, alisema mfyekaji kunituliza. Nikamwuliza, na njia hii inaishia wapi? Akasema, majini. Basi hakunituliza.

Tuliwakuta kwenye matete. Mkurugenzi alikuwa amekaa juu ya gogo, tope hadi magotini, kiatu kimoja mguuni na kingine hakuna ajuaye kilipo. Katibu wake, kijana wa kike mwenye miwani, alikuwa amesimama juu ya jiwe ameinua simu juu kama anayeiombea mvua isinyeshe. Hatua chache kutoka kwao, ndani ya maji, palikuwa na masikio mawili madogo na macho mawili, yametulia, yanawaangalia kama jirani anayeangalia ugomvi usiomhusu.

Mimi nilitaka kupiga kelele. Nilijizuia nikainama nikaweka mabuti mbele ya miguu ya Mkurugenzi, nikamwambia taratibu, "Vaa mwanangu, tuondoke hapa." Mwanangu! Mkurugenzi mzima! Lakini woga haujui vyeo. Naye akavaa. Tukarudi juu kinyumenyume hadi matete yakabaki mbali, ndipo akavuta pumzi, akanyoosha koti lake, akawa mkurugenzi tena.

"Nimefurahi mmekuja," akasema. "Nilikuwa nakagua mazingira ya kandokando ya njia."

"Hongera sana, Mama," akasema Mkuu wa Lango, kicheko kimemrudia. "Viongozi waliotangulia hawakuwahi kufika huku."

Hilo lilikuwa kweli. Hata kiboko alionekana kushangaa.

Hapo mambo yalikuwa yameisha. Kila mtu alikuwa amepewa la kusema na pa kutokea. Mkurugenzi alikuwa anakagua, sisi tulikuwa tunampokea, njia haina kasoro, na shemeji, mwenye shati lililonyooka kuliko yote, alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Nikamtazama. Nikaona mdomo unafunguka.

"Pole sana, Mama," akasema. "Umepotea."

"Sikupotea."

"Umepotea, Mama, na siyo kosa lako. Mtu yeyote mwenye akili zake angepotea pale pale."

"Nimesema nilikuwa nakagua."

"Huku hakuna cha kukagua, Mama, huku ni kwa viboko." Nikamfinya kiunoni. "Shemeji ananifinya," akasema kwa sauti, "lakini lazima uelewe, maana ni jambo la ajabu. Miti yangu ina upande mmoja tu! Ukitoka kule huoni kitu, ni kama sijawahi kufanya kazi. Ulikuwa huna budi kupotea. Mimi ndiye niliyekupoteza!"

Alikuwa anang'aa kwa furaha. Sijui kama mtu amewahi kuungama kwa uso wa namna ile. Mkurugenzi akamtazama, kisha akamtazama Mkuu wa Lango, ambaye alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyeshinda.

"Huyu ndiye mnayemtaja kwa usimamizi?" akauliza.

"Ndiye mimi," akasema shemeji.

"Alaa," akasema Mkurugenzi. Safari iliyobaki hadi langoni hakusema lingine. Shemeji alimtembeza hatua zote, akimwonyesha kila mti ulivyo mtupu na kumwomba ageuke auone unyayo upande wa pili, naye hakugeuka hata mara moja.

Nyumbani nilimweleza mdogo wangu. Akakaa chini. "Amemwambia umepotea? Mara mbili?"

"Mara nyingi. Niliacha kuhesabu."

"Dada, tutakufa humu ndani ya nyumba yako."

Nilisema, "Usiseme hivyo," lakini niliona ni kweli. Binti yangu alikuwa nyuma ya kochi anakunja shuka zake. Yeye hana kawaida ya kulalamika, na hiyo ndiyo iliyonitesa zaidi. Anayelalamika unajua umemkosea kiasi gani.

Baada ya siku kadhaa Mkuu wa Lango akaja kibandani kwangu amevaa sare mpya. Cheo kimekwenda kwake, na nyumba ya tofali kadhalika. Nikampongeza kwa meno. Akasema na shemeji naye amekumbukwa. Njia inabidi ipakwe upya yote kuanzia upande wa ziwa, na Mama ameagiza kwamba mtu anayejua vizuri hivyo wageni wanapotelea wapi, aende akakae huko huko.

"Akakae wapi?"

"Gatini. Kuna ile nyumba."

Ile nyumba! Ilijengwa kwa ajili ya karani wa boti, na hakuna karani aliyewahi kukubali kulala humo. Ukuta una unyevu, tumbili wanacheza juu ya bati, duka la karibu ni safari. Mkuu wa Lango alisema kwa sauti ya chini, kama anayetoa habari za msiba, "Ni adhabu, lakini ndiyo hivyo."

"Ina vyumba vingapi?" nikauliza.

"Vitatu."

Nikainamisha kichwa ili asione uso wangu.

Shemeji aliipokea adhabu kama zawadi. Alisema ukiwa gatini unaweza kuianza njia asubuhi kabla mtu hajaikanyaga, na kwamba kila mti aliokuwa anadhani ameumaliza, amebakiza nusu yake. Mdogo wangu alilia kidogo, kwa desturi, kisha akaenda kuiona, akakuta nyuma ya gati kuna shule na mama muuza mboga, akarudi ameanza kupanga sufuria. Nami nilianza kupanga. Nilipima chumba kwa upana wa mikono, kitanda kikae wapi, meza ikae wapi. Nilishona pazia. Nilinunua komeo jipya. Wote walidhani ninahuzunika, kwa jinsi nilivyokuwa kimya na kazi nyingi.

Siku moja kabla ya kuhama, nilimkuta binti yangu anaweka nguo zake kwenye begi. Nikamwambia asiharakishe, chumba bado hakijapigwa deki.

"Mama, nakwenda na mama mdogo."

"Kuwasaidia kuhama?"

"Kukaa. Wanatafuta mtu wa kukata tiketi za boti. Baba mdogo aliniombea, nimekubaliwa."

Nikakaa kwenye kochi. "Lakini una chumba sasa."

"Najua, Mama. Umekitengeneza vizuri."

"Pazia nimeshona."

"Nimeliona."

"Basi?"

Akakaa karibu yangu. "Chumba nilikihitaji zamani. Sasa nahitaji kazi."

Nilikuwa na majibu mengi, yote yakaja kwa pamoja yakakwama mlangoni. Likatoka moja. "Na viboko?"

"Viboko hawakati tiketi, Mama."

"Na ukiumwa?"

"Trekta lipo."

"Na mlango wako una komeo?"

"Baba mdogo ametia makomeo mawili. Alisema utauliza."

Wakaondoka wote kwa mara moja, juu ya tela, na sufuria, na begi lile, na watoto wanapunga mikono kama waliochaguliwa kuongoza nchi. Nilibaki na nyumba yenye sebule ya kukaa watu na chumba cha kulala mtu, kama nilivyoomba. Nikapiga deki. Nikatundika pazia. Nikafunga mlango, nikaufungua, nikaufunga.

Nilivumilia siku chache, halafu nikafunga kibanda nikapanda trekta kwenda gatini, eti kupeleka mafuta ya kupikia. Shemeji nilimkuta pale njia inapoingia msituni, yuko na bati lake na brashi yangu, anafumba jicho moja. Akaniomba nifanye jambo dogo. Siku yoyote nikipenda, nitembee kutoka gatini hadi langoni peke yangu, bila mtu, nimwambie nimeona nini.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa kuwa wewe unaogopa kila kitu, shemeji. Ukifika wewe, atafika mtu yeyote."

Nikamwambia nitafikiri, na kwamba mafuta yanamwagika.

Chumba cha binti yangu ni kidogo kuliko kile nilichomtengenezea. Ukuta una unyevu kweli. Lakini ana dirisha linaloangalia ziwa, na meza, na kikoba cha tiketi kimetundikwa ukutani, na kitanda kimetandikwa kwa shuka iliyonyooka, kitu ambacho sebuleni kwangu sikuwahi kukiona. Nikamwambia apake chokaa. Nikamwambia bati lile likivuja litaharibu godoro. Nikajaribu makomeo yote mawili.

"Mama, kaa basi," akasema. "Kaa kitandani."

Nikakaa. Kitanda kilikuwa imara. Nje dereva wa trekta akapiga honi. Abiria walikuwa wameshapanda. Akapiga tena. Nikamwambia binti yangu aende amwambie anisubiri kidogo, bado sijauona mlango wa nyuma.